Pambizo

Semkiwa kaniambia kila kitu kimefika.
"Mistari elfu sita na mia mbili, Bi Mwanatumu,
haukupotea hata mmoja."
Nimehesabu. Kweli imetimia.
Imetimia kama watu wa msiba uliohamishiwa nyumba nyingine:
wote wamekuja,
ila hakuna ajuaye mfiwa ni nani.

Tangu asubuhi mradi wa visima uko winguni.
Ile mashine iliyonipasha miguu joto miaka tisa,
pale chini ya meza, imezimwa.
Nje ya dirisha, mbali, wingu la kweli limekalia Usambara
wala halina habari kwamba nimelikabidhi ofisi.

Nafungua ripoti ya Juni.
Safu ya Maoni imebanwa, upana wa kidole.
Kisima namba kumi na nne, Kiomoni, niliandika:
*Maji ya chumvi, watoto wasinywe.*
Sasa pamebaki:
*Maji ya*

Maji ya nini? Ya kunde?
Mfadhili akifika hapo atajaza mwenyewe,
na mfadhili siku zote hujazia heri.

Nyekundu yangu haipo.
Mkandarasi wa Mabokweni, aliyetuzungusha miezi saba,
amesimama bega kwa bega na yule wa Pongwe
aliyemaliza kabla ya masika;
weusi wote wawili, safi, hawadaiwi.
Tarehe tatu mwezi wa saba imepinduka,
imekuwa tarehe saba mwezi wa tatu,
kwa hiyo Duga bomba limefukiwa
miezi mitatu kabla ya mtaro kuchimbwa.
Na zile hatua ndogo za kuingia ndani, upande wa kushoto:
"Kuchimba" alikuwa mtoto wa "Kisima,"
"Kulipa vibarua" mjukuu.
Leo wote wamejibandika ukutani, rika moja,
hakuna wa kumpa mwenzake shikamoo.

"Hayo mapambo tu," kasema Semkiwa. "Taarifa zipo."
Nikamuuliza, unakaa wapi, mwanangu?
"Ngamiani. Barabara ya Kumi na Tatu."
Haya. Usiku wa leo futa namba za barabara zote,
ya kwanza mpaka ya mwisho.
Usibomoe kitu. Acha kila tofali, kila mlango,
na yule muuza mihogo mwache na jiko lake.
Kesho mwambie mgeni akutafute.

Alicheka.
Kisha akavuta kiti.

Nikatoa faili la karatasi, ripoti ya mwisho tuliyochapa,
na rula ya mbao ya mwanangu, imeng'atwa pembeni.
Mimi napima, yeye anaandika:
Maoni, sentimita saba na nusu.
Siku itangulie mwezi.
Aliyechelewa awe mwekundu, asiombewe.
Saa kumi wenzetu wakafunga madirisha, wakaaga.
Saa kumi na mbili *chumvi* ikarudi mahali pake,
nikaisoma kwa sauti, nikaona haya.

Limebaki moja.
Chini ya kila ukurasa, mhandisi Kihiyo, Mungu amrehemu,
alitaka mstari mmoja wa herufi za mlazo:
*Imekaguliwa kwa miguu.*
Alikuwa na haki, viatu vyake tulivijua.
Lakini huko winguni, Semkiwa ananionyesha,
ukurasa hauna chini.
Unateremka, unateremka,
kidole kinachoka kabla yake.

"Niuweke wapi, Bi?"
Sijui. Juu hautakaa; hakuwa mtu wa kutangulia.
Katikati ya takwimu utaonekana kosa.
Nimeuandika kiganjani kwa kalamu ya wino,
kama mtu aliyepewa namba ya simu njiani,
na nimekwenda kutawadha
mkono mmoja nikiuogopa maji.